Nyota za Jina Moja, Nuru Mbalimbali: Historia ya Kipimo cha Ulimwengu



Katika Kolwezi, na katika nchi yote ya shaba kando ya Lualaba, kila mutu anajua kwamba mifuko miwili ya madini inaweza kulingana kwa uzito na kwa rangi, lakini bei yake isilingane. Mufuko mumoja una kobalti nyingi, mwingine una kidogo, na macho peke yake hayaoni tofauti. Kama hakuna kipimo cha kweli, mumoja wa wale wawili wenye kuuziana anapunjwa, na mara nyingi ni yule masikini aliyechimba.

Habari tunayotaka kueleza hapa inafanana na ile, lakini mifuko yake ni nyota. Kwa miaka kama 50 wenye elimu ya nyota walifikiri kwamba nyota za namna moja, zile zenye kupasuka kwa nguvu kubwa, zina nuru moja. Wakataka kuzifanya kuwa kipimo cha ulimwengu wote. Kisha wakaona kwamba hazilingani. Namna gani kipimo kile kilisahihishwa pasipo kutupwa, ndiyo historia ya kurasa hizi. Kobalti ina fasi yake ndani ya historia hiyo, na mupadri mumoja wa Ubelgiji vilevile.

I. Wageni wa mbinguni

Mara chache sana nyota inaonekana pahali ambapo jana watu hawakuona kitu. Mwaka 1006, mwishoni mwa mwezi wa ine, nyota ya namna hiyo ilitokea upande wa kusini. Katika Misri, muganga Ali ibn Ridwan aliiona angali kijana, na baadaye akaandika habari yake. Wamonaki wa abasia ya Sankt Gallen, katika nchi inayoitwa leo Uswisi, waliiandika katika kitabu chao cha miaka. Watu wa China na wa Japani waliiandika pia. Katika maandiko yote tuliyo nayo, hakuna nyota nyingine iliyong'aa kupita ile. Sisi wa Katanga tunaweza kutazama pahali pake katika kiangazi, usiku wa mwezi wa sita, pale juu upande wa kusini, si mbali na nyota za Nge. Lakini siku hizi macho hayaoni kitu tena.

Mwaka 1572 nyota nyingine ilionekana kaskazini. Tycho Brahe wa Denmark aliipima usiku kwa usiku, akakuta haisogei kati ya nyota nyingine. Roma, Padri Christophorus Clavius wa Shirika la Yesu alifikia neno lilelile: nyota hii haiko karibu kama mwezi, iko mbali pamoja na nyota zote. Neno hili lilikuwa zito, kwani shule za wakati ule, zikimufuata Aristoteli, zilifundisha kwamba kule juu hakuna kitu kinachozaliwa wala kinachokufa. Mwaka 1604 nyota ya tatu ikatokea, na Johannes Kepler akaiandikia kitabu. Kisha ile ya 1604, hakuna nyingine ya nchi yetu ya nyota, ile tunayoiona usiku kama njia nyeupe, iliyoonekana wazi kwa macho matupu.

Leo tunajua kwamba hizi tatu zilikuwa za namna moja. Juu ya ile ya 1572 ushahidi ni wa ajabu: mwaka 2008 wenye elimu walipima nuru yake iliyogonga mawingu ya vumbi mbali sana angani, ikarudi kwetu imechelewa miaka zaidi ya 400, sawa na sauti inayorudi kutoka mulima. Nuru ile ilionyesha namna yake waziwazi.

II. Taa ya kando ya barabara

Kwa nini nuru ya nyota hizi ni jambo kubwa? Tutoe mufano. Mutu anasimama usiku kando ya barabara ya Likasi, anaona taa ya lori. Akijua taa ile ina nguvu gani, anaweza kukadiri lori liko mbali kiasi gani. Kwani umbali ukizidi mara mbili, nuru inayofika inapungua mara ine. Lakini kama hajui nguvu ya taa, anaweza kudanganyika: taa hafifu ya kinga iliyo karibu anaidhani ni lori la mbali.

Mbinguni ni vilevile. Hakuna kamba ya kupimia. Mwenye kutaka kujua umbali wa nyota anatafuta taa ambayo nguvu yake inajulikana. Na taa ile inapaswa kuwa kali sana, ili ionekane hata katika makundi ya nyota yaliyo mbali kabisa, yale yanayoitwa galaksi.

Mwaka 1885, ambao ni mwaka uleule Mufalme Leopold wa Pili alipopata kutambuliwa kuwa mwenye Dola la Congo, nyota mupya ilionekana ndani ya wingu la Andromeda. Watu waliifikiri kuwa nyota mupya ya kawaida, moja ya zile zinazowaka kidogo na kuzimika. Kwa hiyo walisema Andromeda iko karibu. Mwaka 1920, Harlow Shapley wa Marekani alitumia neno hilo katika mabishano makubwa: kama Andromeda ingekuwa mbali mno, alisema, nyota ile ingekuwa kali kupita kipimo cha kuaminika. Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Edwin Hubble, kuanzia mwaka 1923, alionyesha kwa nyota za namna nyingine kwamba Andromeda ni galaksi kamili, iliyo mbali na yetu. Tazameni hatari yake: kuita vitu viwili kwa jina moja kulipotosha hesabu ya ulimwengu muzima kwa miaka karibu 40.

Mwaka 1934 Walter Baade na Fritz Zwicky walitenga nyota hizi kubwa na zile ndogo, wakaziita supernova. Zwicky akaanza kuzitafuta kwa bidii huko California. Mwaka 1938 Baade aliandika kwamba nuru zao hazipishani sana, na kwa hiyo zinaweza kusaidia kupima umbali.

III. Kutenga namna na namna

Lakini supernova zote si moja. Ili kuzitenga, ilifaa kuchambua nuru yao. Elimu hii Kanisa limeisaidia: Padri Angelo Secchi, Mujezuiti wa Roma, aliyekufa mwaka 1878, ni mumoja wa wale wa kwanza waliopanga nyota kwa makundi kwa kutazama rangi za nuru yake. Nuru ikipita katika kioo inatandazwa kama upinde wa mvua, na kila madini inaacha mistari yake, sawa na sahihi ya mukono. Kimashine kinachotumiwa siku hizi katika madepo kwa kupima madini kinafuata njia iliyo karibu na hiyo: kinapiga jiwe kwa mionzi, na kila madini inajibu kwa mionzi yake yenyewe.

Mwaka 1941 Rudolph Minkowski alitenga supernova katika makundi mawili. Aina ya kwanza haina mistari ya idrojeni. Aina ya pili inayo. Ile nyota iliyoonekana kwa macho mwaka 1987 upande wetu wa kusini, katika wingu linaloitwa la Magellan, ilikuwa ya aina ya pili. Mwaka 1968 Charles Kowal alikusanya supernova nyingi za aina ya kwanza, akapanga nuru zao katika hesabu moja. Zilipishana, lakini si mingi. Watu wakatumaini: zikitengwa vizuri zaidi, zitalingana.

Katika miaka ya 1980 walitenga tena. Waliona kwamba ndani ya aina ya kwanza kulikuwa wageni wawili, nyota kubwa zilizokwisha kupoteza idrojeni yao. Wakaziita Ib na Ic. Zile zilizobaki zikaitwa Ia. Hizi ndizo za 1006, 1572 na 1604. Wengi wakasema: sasa tumepata taa zenye nguvu moja.

IV. Kobalti mbinguni

Sababu ya kutumaini hivi ilikuwa nzuri. Nyota ndogo kama jua letu, ikimaliza moto wake, inabaki kaa la kaboni na oksijeni, zito ajabu, lenye ukubwa kama wa dunia. Wanaliita kibete cheupe. Katika miaka ya 1930, Subrahmanyan Chandrasekhar, kijana wa India, alihesabu kwamba kibete cheupe hakiwezi kupita uzito wa mara 1,4 ya jua. Kama kinapokea vitu kutoka nyota mwenzake mupaka kinakaribia kipimo hicho, kinawaka chote na kupasuka. Sasa, kama zote zinapasuka kwa uzito mumoja, kwa nini zisitoe nuru moja?

Hapa nchi yetu inaingia. Watu wa Katanga walijua kuyeyusha shaba zamani, wakaifanya misalaba midogo ya kununulia vitu. Kobalti haikuwa na bei kwao. Hata wachimbaji wa Ujerumani wa zamani waliichukia. Walisema ni pepo wa mugodi anayeharibu madini, na jina la kobalti limetoka kwa jina la pepo yule. Katika miaka ya 1730, Georg Brandt wa Sweden alionyesha kwamba si pepo, ni madini tu. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilichimba kwanza shaba, na kobalti pamoja nayo. Kisha Gécamines ikafuata. Kolwezi, iliyo muji mukubwa wa jimbo la Lualaba tangu 2015, iko katikati ya nchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Wachimbaji wanajua jiwe lake jeusi, na lile la kijani la shaba.

Kobalti ya Kolwezi inakaa, haibadiliki. Wenye elimu wanaiita kobalti 59. Lakini iko nyingine, kobalti 56, isiyokaa. Mwaka 1962 Titus Pankey, katika kitabu chake cha udaktari kwenye Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha Wamarekani weusi huko Washington, alitoa wazo kwamba nuru ya supernova za aina ya kwanza inatoka katika nikeli 56. Mwaka 1969 Stirling Colgate na Chester McKee walilihesabu vizuri. Mambo ni hivi: katika mupasuko kaboni na oksijeni zinageuka kwa sekunde chache kuwa nikeli 56. Nikeli hii inageuka kobalti 56, nusu yake katika siku 6. Kobalti nayo inageuka chuma, nusu yake katika siku 77. Kila mara atomi inapogeuka inatoa nguvu, na nguvu ile ndiyo inayopasha moto wingu la nyota mupaka ling'ae. Kwa hiyo taa tunayoiona si mupasuko wenyewe. Ni nikeli na kobalti zenye kufa polepole.

Mwaka 2014 supernova ya Ia ilipasuka katika galaksi ya M82. Chombo cha angani kinachoitwa INTEGRAL kilipima mionzi yake, na kikakuta ndani yake sahihi ya kobalti 56. Lilikuwa wazo, likawa jambo lililoonwa.

Ndipo tunaelewa kwa nini nuru hazilingani. Mifuko inaweza kuwa na uzito mumoja, lakini nikeli iliyofanywa ndani yake si kiasi kimoja. Supernova ya kawaida inafanya nikeli karibu 0,6 ya uzito wa jua. Nyingine inafanya zaidi. Nyingine haifikii hata sehemu ya tano ya ile ya kawaida.

V. Mwaka 1991

Mwaka 1991 ulivunja tumaini la zamani. Katika mwezi wa ine ilionekana supernova iliyoitwa 1991T, kali kuliko desturi, na mistari ya nuru yake ilikuwa migeni. Mwishoni mwa mwaka ikatokea 1991bg, ya namna ileile ya Ia. Katika nuru ya buluu hii ya pili ilikuwa hafifu mara kama 10 kuliko zile za kawaida, na ilizimika upesi. Hapakuwa tena na njia ya kusema kwamba taa zote zina nguvu moja.

Mutu anapokuta mizani yake haiko sawa, anaweza kufanya moja ya mambo matatu. Anaweza kuficha. Anaweza kuitupa. Ao anaweza kuipima mizani yenyewe, ajue inapotoka kiasi gani na kwa sababu gani. Wenye elimu ya nyota walichagua la tatu.

Katika miaka ya 1970 Yuri Pskovskii wa Moscow alikwisha kusema kwamba supernova zenye kuzimika polepole ni kali kuliko zenye kuzimika upesi. Lakini picha za wakati ule hazikuwa safi, na wengi hawakumusadiki. Huko Chile, juu ya mulima wa Cerro Tololo, Mark Phillips alitumia vyombo vipya. Mwaka 1993 alichapisha hesabu ya supernova 9 tu. Aliuliza neno moja jepesi: siku 15 kisha kilele chake, nyota imepoteza nuru kiasi gani? Ile ya polepole kama 1991T inabaki na karibu sehemu 4 katika 10. Ile ya upesi kama 1991bg inabaki na chini ya sehemu 2 katika 10. Na mwendo huo wa kuzimika unafuatana na nguvu ya taa: mwenye kuzimika polepole ni mukali, mwenye kuzimika upesi ni hafifu.

Wenzake Mario Hamuy, José Maza na Nicholas Suntzeff walikuwa wanatafuta supernova pamoja naye katika kazi ya Calán na Tololo. Mwaka 1996 walitoa hesabu ya supernova 29, na neno la Phillips likasimama imara. Wakati uleule Adam Riess, pamoja na William Press na Robert Kirshner, walionyesha namna ya kutumia rangi mbalimbali ili kuondoa hata udanganyifu wa vumbi. Kwani vumbi la angani linafanya taa ionekane nyekundu na hafifu, sawa na vumbi la barabara zetu katika kiangazi. Kisha masahihisho hayo, tofauti iliyobaki katika nuru ikawa karibu sehemu 15 tu katika 100.

Tufahamu vizuri. Hawakusema nyota zinalingana. Walisema: hazilingani, lakini kila moja inatuonyesha yenyewe inapungukiwa ao inazidi kiasi gani, ikiwa tunakubali kuitazama siku nyingi. Mwenye kutazama usiku mumoja tu hajui kitu. Mwenye kuvumilia mwezi muzima anapata kipimo.

VI. Mupadri Lemaître na neno lililorudi

Kipimo hiki kilitumika kwa nini? Inafaa turudi nyuma. Georges Lemaître alizaliwa Charleroi mwaka 1894, akapigana vita ya 1914-1918, akapewa upadri mwaka 1923, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Louvain, kile kilichozaa Lovanium ya Léopoldville mwaka 1954. Mwaka 1927 aliandika kwa Kifaransa kwamba ulimwengu unatanuka, na galaksi zinaachana. Mwaka 1929 Hubble alitoa ushahidi ulio maarufu zaidi. Kwa sababu hiyo, mwaka 2018, Umoja wa wenye elimu ya nyota wa dunia yote ulishauri kanuni hiyo iitwe kwa majina ya wote wawili, Hubble na Lemaître.

Katika hesabu za Einstein kulikuwa na namba moja, inayosukuma ulimwengu utanuke. Einstein aliitupa. Lemaître aliilinda mupaka kufa kwake mwaka 1966. Aliona ina maana.

Mwaka 1998 makundi mawili ya wenye elimu, moja la Saul Perlmutter lenye supernova 42 za mbali, lingine la Brian Schmidt na Adam Riess lenye 16, yalitumia taa zilizosahihishwa. Wote walitazamia kuona kwamba kutanuka kunapunguza mwendo. Waliona kinyume: taa zilikuwa hafifu kuliko walivyotazamia, maana yake ziko mbali zaidi, karibu sehemu 10 mupaka 15 katika 100. Ulimwengu unaongeza mwendo. Namba ambayo Lemaître aliilinda ikarudi mezani. Mwaka 2011 Perlmutter, Schmidt na Riess walipewa tuzo ya Nobel.

Tupime neno hili. Tofauti waliyoitafuta ilikuwa ndogo, lakini tofauti kati ya 1991T na 1991bg ni kubwa mara nyingi kuliko ile. Kama wangedanganyana kwamba nyota zote ni sawa, wasingeona kitu, ao wangeona uongo. Ni kukubali tofauti kulikowafungulia mulango. Na kazi haijaisha: wanabishana bado kama kibete kinalishwa na nyota ya kawaida ao kama vibete viwili vinagongana, na tangu 2010 wanajua kwamba hata kisha masahihisho, supernova za galaksi kubwa zinapishana kidogo na zile za galaksi ndogo.

VII. Jambo la kushika

Kwa wapadri na makatekista, mambo mawili.

La kwanza. Wahubiri wengine wanachukua kila habari mupya ya nyota kuwa ushahidi wa imani. Tarehe 22 mwezi wa 11 mwaka 1951, Papa Pius wa 12 alisifu mbele ya Akademia yake ya elimu yale yaliyovumbuliwa juu ya mwanzo wa ulimwengu. Lemaître, mupadri mwaminifu, hakufurahi kuona hesabu zake zikishikwa kuwa ushahidi wa uumbaji. Kwake elimu ya nyota ina njia yake, na imani ina yake. Mwenye kufunga imani juu ya hesabu ya leo atafanya nini hesabu ikisahihishwa kesho? Tumeona hapa namna gani zilisahihishwa mwaka 1941, katika miaka ya 1980, mwaka 1993. Kwa hiyo mutoto wa shule akiuliza juu ya nyota, tumujibu kwa elimu ya kweli, tusimupe nusu ya elimu na nusu ya mahubiri.

La pili. Mizani ni jambo la haki. Elimu ya nyota ilipata kweli siku ile ilipokubali kupima kila taa kwa kadiri yake. Katika nchi yetu yenye kobalti, wako watu wanaosema madini yote ya mufuko ni sawa, ili walipe kidogo. Na wako wanaochanganya udongo, ili walipwe mingi. Kimashine kinaweza kusema kweli, lakini mukono unaokishika unaweza kusema uongo. Mukristo aliye kwenye mizani, akinunua ao akiuza, ana wajibu uleule wa wale waliosimama juu ya mulima kule Chile: kupima kitu kama kilivyo, si kama faida yake inavyotaka.